Baiti 24 Zilizozidi

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, kompyuta za vyuo vikuu na maabara za Marekani zilianza kulemewa moja baada ya nyingine bila mtu kuzigusa. Programu ndogo iliyoachiwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, ilikuwa ikijinakili kutoka mashine hadi mashine, na kila ilipoingia ilijizidisha mpaka kompyuta ikashindwa kufanya kazi nyingine. Makadirio ya wakati ule yalisema mashine kama 6,000 ziliathirika, katika intaneti ambayo nzima ilikuwa na kompyuta zipatazo 60,000.

Mojawapo ya njia ilizotumia kuingia inastahili kutazamwa kwa karibu. Mashine nyingi zilikuwa na programu ya huduma iitwayo fingerd, ambayo kazi yake ilikuwa kumjibu mtu anayeuliza nani yumo kwenye kompyuta fulani. Iliandikwa kwa lugha ya C. Aliyeiandika alitenga nafasi ya baiti 512 kwa ajili ya swali linaloingia, kisha akatumia amri ya C iitwayo gets, ambayo husoma maandishi mpaka mwisho wa mstari bila kuuliza kama nafasi inatosha. Programu ya Morris ikatuma baiti 536. Zile 24 zilizozidi zikafurika hadi kwenye sehemu ya kumbukumbu ambamo kompyuta huweka anwani ya mahali pa kurudi ikimaliza kazi iliyotumwa. Anwani ikabadilika, na kwenye kompyuta aina ya VAX mashine ikaanza kutii maagizo ya mgeni badala ya kurudi ilikotoka.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mtu alisahau kupima, na lugha aliyoitumia haikumkumbusha.

Zaidi ya miaka 35 imepita na kosa hilohilo bado linajirudia, kwenye simu, ruta, mashine za hospitali na kompyuta za benki. Imetosha sasa kuliachia liwe jukumu la uangalifu wa mwandishi wa programu, kwa sababu hakuna binadamu asiyesahau. Mifumo endeshi, pamoja na programu zinazokaa ndani ya vifaa vidogo, zinapaswa kuandikwa kwa lugha za ngazi ya juu ambazo zenyewe hukagua matumizi ya kumbukumbu. Hoja kwamba lugha hizo ni nzito mno kwa kazi hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo takwimu zinaikataa.

Mfumo endeshi ndiyo programu inayotawala kompyuta nzima: inagawa kumbukumbu, inapanga zamu za prosesa, inasimamia diski na mtandao, na inazuia programu moja isichungulie mali ya nyingine. Windows, Android na Linux ni mifumo ya namna hiyo. Vifaa vidogo kama mita, saa na vihisi navyo vina programu yake iliyopandishwa kwenye chipu kiwandani, ile ambayo fundi simu huibadilisha anapoiflashi simu iliyogoma. Programu nyingine ikikosea, hufungwa ikafunguliwa tena. Kosa likiwa kwenye kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, hakuna aliye juu yake wa kulizuia, na kila kilicho juu ya kiini huanguka pamoja nacho.

Kwa sababu hiyo watu waliamini kwa muda mrefu kwamba kazi hii lazima ifanywe kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Ken Thompson alipoandika Unix ya kwanza mwaka 1969 kwenye maabara ya Bell Labs, New Jersey, aliiandika kwa asembli ya kompyuta ya PDP-7, lugha ambayo kila mstari wake ni agizo moja la mashine ile na si nyingine. Ukinunua kompyuta ya aina tofauti, unaanza upya. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuiandika Unix kwa C, lugha iliyokuwa bado changa mikononi mwa mwenzake Dennis Ritchie, akashindwa na kuacha. Ritchie akaiongezea C uwezo wa kufunga data za aina mbalimbali katika fungu moja, na katika kiangazi cha 1973 kazi ikafanikiwa.

Gharama yake ilijulikana. Katika makala waliyochapisha mwaka 1974 kwenye jarida la Communications of the ACM, wawili hao walieleza kwamba mfumo mpya ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani kwa kama theluthi moja. Kompyuta yao ya PDP-11 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 144 tu, na Unix peke yake ilichukua 42. Katika hali ya ufinyu namna hiyo, theluthi si kitu cha kupuuza. Hata hivyo waliona ongezeko hilo linakubalika, kwa kuwa mfumo ulikuwa rahisi zaidi kuuelewa na kuurekebisha, na ulifanya mambo mengi kuliko ule wa mwanzo. Miaka michache baadaye Unix ilihamishiwa kwenye kompyuta za kampuni ya Interdata, zilizotofautiana kabisa na PDP-11, na kutoka hapo ikasambaa.

Wale wanaosema leo kwamba C haiwezi kuachwa kwa sababu kila baiti ina thamani wasome makala hiyo. Waasisi wa C walitoa theluthi nzima ya ukubwa ili wapate mfumo unaoeleweka.

Wala hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Burroughs ya Marekani ilitangaza kompyuta ya B5000, ambayo mfumo wake endeshi, MCP, uliandikwa kwa lugha ya jamii ya ALGOL. Mashine yenyewe ilijua mwanzo na mwisho wa kila fungu la data, na ilikataa programu iliyojaribu kuvuka mpaka. Kizazi cha mfumo huo kingali kinafanya kazi kupitia kampuni ya Unisys. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Uingereza, Tony Hoare na wenzake wa kampuni ya Elliott walitengeneza kompaila ya ALGOL, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine, na wakaipa tabia ya kukagua kila mara data inaposomwa kama namba iliyotajwa imo ndani ya orodha. Baadaye wakawauliza wateja kama wangependa ukaguzi huo uwe wa kuzimika ili programu ziende kasi. Wateja wakakataa kwa kauli moja. Walikwishaona jinsi makosa hayo yanavyotokea mara kwa mara, wakajua kwamba yasipogunduliwa kwenye kazi halisi yanaweza kuleta maafa. Hoare alikisimulia kisa hicho mwaka 1980 alipopokea Tuzo ya Turing, akisikitika kwamba watunga lugha na watumiaji wao bado hawakuwa wamejifunza.

C ilishinda hata hivyo. Ilikuja pamoja na Unix, ilikuwa nyepesi, na ilimwamini mwandishi. Ukiiambia kompyuta isome kitu cha 21 kwenye orodha yenye vitu 20, C haikuzuii. Husoma chochote kilichopo mbele, kiwe takataka, kiwe nywila ya mtu mwingine. Imani hiyo ilifaa katika maabara ya watu wachache wanaofahamiana. Haifai katika mashine zinazopokea ujumbe kutoka kwa yeyote duniani.

Deni limekuja kujulikana ukubwa wake. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba karibu asilimia 70 ya kasoro za usalama ilizozitibu mwaka hadi mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka uliofuata, Google ilipochambua kasoro kubwa za usalama za kivinjari cha Chrome, ikafikia kiwango hichohicho. Hizi ni kampuni mbili zenye fedha nyingi, wahandisi waliochujwa, na mitambo ya kupima msimbo wao kila siku. Kama watu hao hawawezi kuandika C na C++ bila kukosea, hakuna sababu ya kutarajia kampuni ndogo inayotengeneza kamera za bei nafuu au kifunga mlango cha kielektroniki iweze.

Mfano mmoja wa karibuni wengi waliuona kwa macho. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili la kuhuisha programu yake, ambayo sehemu yake hukaa ndani ya kiini cha Windows. Faili lile lilifanya programu itafute thamani ya 21 mahali palipokuwa na thamani 20. Programu ikasoma nje ya mpaka, na Windows ikasimama. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika; ndege zilishindwa kuondoka, hospitali ziliahirisha matibabu, benki zikakwama. Haki inadai kuongeza kwamba lugha inayokagua mipaka isingemaliza kila kitu hapo. Ingeuzuia usomaji ule, lakini mwandishi angebaki na wajibu wa kuamua programu ifanye nini baada ya kuzuiwa. Tofauti ni kwamba angelazimika kulifikiria swali hilo mapema, akiwa ofisini, kabla abiria hawajapanga foleni uwanjani.

Sasa inakuja habari ya bei.

Robert Morris, yule mwanafunzi wa 1988, alitiwa hatiani mwaka 1990, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini. Baadaye akawa profesa wa MIT, mtaalamu wa mifumo endeshi. Mwaka 2018, yeye, Cody Cutler na Frans Kaashoek walichapisha matokeo ya jaribio walilolipa jina la Biscuit: kiini cha mfumo endeshi wa jamii ya Unix kilichoandikwa kwa Go, lugha ya ngazi ya juu iliyobuniwa Google, ambayo Ken Thompson mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Go haimwachii mwandishi kutenga na kuachia kumbukumbu kwa mkono. Ina kifagio chake kinachopita mara kwa mara kukusanya data isiyotumika tena, na kila anayependa C hukitaja kifagio hicho kama sababu ya kuikataa.

Watafiti hao hawakubishana kwa maneno. Waliandika vipande vya kazi ileile kwa C na kwa Go, vikiwa karibu sawa mstari kwa mstari, wakavipima. Vya Go vilikuwa vya polepole kwa asilimia 5 hadi 15. Katika programu nzito za kweli, zikiwamo NGINX na Redis, muda wa prosesa ambao kiini kilitumia kwa ajili ya huduma za lugha yenyewe ulifika asilimia 13 kwa kiwango cha juu. Kusimama kwa muda mrefu zaidi kulikosababishwa na kifagio, NGINX ikihudumia wateja, kulikuwa kwa mikrosekunde 115. Jambo lililowatoa jasho kuliko yote lilikuwa namna ya kuhakikisha kiini hakikwami kumbukumbu inapokwisha, na hapo walikiri kwamba urahisi wa kuuchambua msimbo wa Go uliwasaidia.

Asilimia 5 hadi 15. Wekeni namba hiyo ya kasi kando ya theluthi ya ukubwa ya mwaka 1974. Kompyuta za leo zina kumbukumbu mara maelfu kwa maelfu kuliko ile PDP-11, na bado kuna wahandisi wanaoiona asilimia 15 kuwa gharama isiyovumilika, hali muda unaotumika kutafuta na kuziba kasoro za kumbukumbu hawauhesabu kabisa. Ni kweli zipo kazi ambazo hata mikrosekunde 115 ni nyingi mno, na kwa kazi hizo Go haifai. Lakini kuanzia mwaka 2015 hata hoja hiyo imepata jibu.

Mwaka huo, tarehe 15 Mei, lilitoka toleo la 1.0 la Rust, lugha ambayo Graydon Hoare alianza kuitengeneza mwaka 2006 akiwa mfanyakazi wa Mozilla. Rust haina kifagio. Ukaguzi wake mwingi hufanywa na kompaila kabla programu haijaanza kutumika, kwa kanuni ya umiliki. Kila data ina mmiliki mmoja, kama jembe lenye mwenyewe: jirani anaweza kuliazima, lakini maadamu liko shambani kwa jirani, mwenyewe hawezi kuliuza wala kulitupa. Ukiandika programu inayotupa data ambayo sehemu nyingine bado inaitumia, kompaila inakukatalia, inakuonyesha mstari uliokosea na mara nyingi inakupendekezea dawa. Wanaoanza huchoshwa na kukataliwa huko. Wengi wao hujikuta wanapambana na kompaila kwa wiki kadhaa. Lakini kila inapokataa, ni kosa moja ambalo halitamfikia mteja.

Desemba 2022, Linux, iliyokuwa ya C tangu Linus Torvalds aianzishe mwaka 1991, ilitoa toleo la 6.1 likiwa na msingi wa kwanza wa kuruhusu Rust ndani ya kiini chake. Mabishano yamekuwa makali. Baadhi ya watu waliokitunza kiini hicho kwa miongo mitatu wanasema lugha mbili katika nyumba moja zinaongeza mzigo: anayebadilisha upande wa C anaweza kuvunja upande wa Rust asioujua. Hofu hiyo ni ya kweli na inatoka kwa watu wanaoipenda kazi yao. Wasidharauliwe.

Kinachowajibu ni kilichotokea Android. Mwaka 2019 asilimia 76 ya kasoro za usalama za Android zilikuwa za kumbukumbu. Mwaka 2022 zilikuwa asilimia 35. Mwaka 2024 zikashuka hadi 24. Google haikuandika upya mamilioni ya mistari ya zamani. Iliamua tu kwamba msimbo mpya uandikwe zaidi kwa Rust, Kotlin na Java. Sababu ya kufanikiwa ni kwamba kasoro nyingi hukaa kwenye msimbo mpya. Ule wa zamani umeshapigwa na dunia, umetobolewa na kuzibwa kwa miaka, na kila mwaka unazidi kuimarika. Kwa hiyo hakuna haja ya kubomoa. Inatosha kubadili namna ya kujenga kuanzia leo.

Na vifaa vidogo? Hapo ndipo watu hudhani lugha ya juu haiwezi kuingia. Mwaka 2016 watoto wa Uingereza wa umri wa miaka 11 na 12 waligawiwa bure kompyuta ndogo zipatazo milioni moja ziitwazo micro:bit. Kikompyuta hicho kinaenea kiganjani, kina taa 25 ndogo nyekundu usoni, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya toleo lile la kwanza ilikuwa kilobaiti 16, moja ya tisa ya ile ya PDP-11 ya Ritchie. Ndani yake inaweza kuendeshwa MicroPython, toleo dogo la lugha ya Python lililobuniwa na Damien George, mwanafizikia wa Australia, aliyechangisha fedha za mradi huo kutoka kwa umma mwaka 2013. Mtoto akiandika programu inayosoma kitu cha 21 kwenye orodha ya vitu 20, kikompyuta hakisomi takataka. Kinasimama, na zile taa zinapitisha taratibu, herufi kwa herufi, ujumbe unaotaja namba ya mstari wenye kosa. Mtoto wa darasa la sita anapewa onyo ambalo kiini cha Windows hakikupewa tarehe 19 Julai 2024.

Wakazi wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Uingereza kuona jambo hili. SIM kadi nyingi zilizomo kwenye simu zao ni kompyuta kamili, ndogo kuliko kucha, na zinaendesha Java Card, tawi dogo la Java lililoanzia mwaka 1996 kwenye kampuni ya Schlumberger. Lugha hiyo hujenga ukuta kati ya programu na programu ndani ya kadi moja, ili ya benki isisome siri za ile ya mtandao. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, menyu ambayo mteja alitumia kutuma fedha ilikaa ndani ya SIM kadi. Mamilioni ya watu walizikabidhi kadi hizo fedha zao kwa miaka kabla simu janja hazijaenea. Mtu anayesema kwamba kifaa kidogo hakiwezi kubeba lugha ya juu, mara nyingi anakuwa ameshakibeba mfukoni.

MicroPython haifai kila mahali, na hilo lisemwe wazi. Mfuko wa hewa wa gari unaopaswa kufunguka papo hapo ajali inapotokea hauwezi kungoja Python itafsiri mstari. Kwa kazi kama hizo ipo Rust, na kabla yake ilikuwapo Ada, lugha iliyoagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuwekewa viwango mwaka 1983 kwa ajili ya vyombo visivyotakiwa kukosea.

Wapinzani wa lugha za juu hupenda kuitaja Ada kwa sababu ya roketi moja. Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Sekunde kama 37 baadaye ilipinda ghafla, ikavunjika na kulipuka, na setilaiti nne za utafiti zikateketea nayo. Programu ya kuielekeza ilikuwa ya Ada, iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa kuliko iliyoitangulia, namba ikavuka kikomo, kompyuta ya akiba ikazima, na ile kuu ikazima baada yake kwa sababu ileile.

Ripoti ya tume ya uchunguzi ina habari ambayo wapinzani hao hawaitaji. Wahandisi walijua kwamba kuna namba 7 zinazoweza kuvuka kikomo. Nne waliziwekea kinga. Tatu waliziacha bila kinga, kwa sababu walijiwekea lengo kwamba prosesa isitumike zaidi ya asilimia 80. Ada ililiona kosa angani kama ilivyotakiwa. Waliokuwa chini hawakuweka maelekezo ya nini kifanyike, ili kuokoa muda wa prosesa. Roketi ile ni ushahidi dhidi ya ubahili wa ukaguzi, na ni onyo kwamba lugha nzuri haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri.

Onyo kama hilo liliwafikia mamilioni ya watu ukutani mwao mwaka 2024. Wateja wa umeme wa kulipia kabla katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kuingiza kwenye mita zao mafungu mawili ya tarakimu 20, kisha ndipo waingize tokeni waliyonunua. Mita hizo hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo STS, ambamo kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani miaka 32 kasoro kidogo, na dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyohuishwa kufikia siku hiyo isingepokea tokeni mpya.

Lugha ya programu haikuwa na hatia hapo. Kikomo kiliandikwa kwenye kanuni yenyewe, na waliotunga kanuni waliacha njia ya kukirekebisha. Kinachofaa kuzingatiwa ni umri. Uamuzi uliofanywa mezani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulimdai mama wa nyumbani wa Mbagala, Dar es Salaam, asimame mbele ya mita na kubonyeza tarakimu 40 zaidi ya zile alizozoea. Kasoro hii ilijulikana tarehe yake miaka mingi kabla. Kasoro ya kumbukumbu haina tarehe. Inangoja mtu wa kuigundua, na kama kifaa hakina njia ya kupokea programu mpya, anayeigundua anakuwa na mlango wazi kwa umri wote wa kifaa. Simu yenye kasoro hubadilishwa baada ya miaka michache. Mita, pampu ya maji na kifaa cha sola paani hukaa muongo mmoja, miwili, mitatu.

Kwa hiyo jambo hili si la wahandisi wa Silicon Valley peke yao. Februari 2024 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikiwahimiza watengenezaji wahamie kwenye lugha salama kwa kumbukumbu. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, itakayotumika kikamilifu kuanzia Desemba 2027, inayowalazimu watengenezaji wa vifaa vyenye programu kuviziba kasoro za usalama katika kipindi chote cha huduma kinachotajwa. Sheria hiyo haitaji lugha yoyote, lakini inaigeuza kila kasoro kuwa gharama ya mtengenezaji badala ya mnunuzi. Vifaa vitakavyoshindwa mtihani huo havitatupwa baharini. Vitatafuta soko lisiloulizauliza, na bei yake itakuwa ya kuvutia sana kwenye masoko ya Kariakoo na Gikomba.

Vyuo vya Afrika Mashariki viendelee kufundisha C, kwa maana asiyeielewa hawezi kuielewa mashine wala kutunza mabilioni ya mistari iliyokwisha kuandikwa. Lakini mwanafunzi anayetengeneza kihisi cha unyevu wa shamba au kifaa cha kupimia maziwa aanzie kwenye lugha inayomkagua, na atoe sababu anapotaka kushuka chini zaidi. Hata Biscuit ilikuwa na vipande vya asembli mahali ambapo Go haiwezi kuigusa mashine moja kwa moja. Kilichobadilika ni kwamba vipande hivyo vilikuwa vichache, vinajulikana viliko, na vinaweza kusomwa vyote na mtu mmoja.

Uamuzi wenye uzito zaidi uko kwenye zabuni. Shirika la umma linaponunua mita laki kadhaa, au wizara inapoagiza mashine za maabara za wilaya zote, nyaraka hutaja volti, joto, uzito na muda wa dhamana. Zitaje pia lugha iliyotumika kuandika programu ya kifaa, ni sehemu gani zimeandikwa bila ukaguzi wa kumbukumbu na kwa sababu gani, na jinsi kifaa kitakavyohuishwa kikiwa kimeshafungwa ukutani kwa mteja. Mzabuni anayeshindwa kuyajibu hayo kwa maandishi aondolewe kwenye orodha kabla bahasha ya bei haijafunguliwa.